Noti nane zilizonishinda kuhesabu

Mwaka 2019 nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa Morogoro. Siku hiyo nimechelewa kufungua, nikapanda boda, dereva ana helmeti mimi sina. Mbele kidogo mbuzi akakatiza, jamaa akabana breki ghafla, nikarushwa pembeni nikapiga kisogo chini. Sikuchanika popote, hata tone la damu hakuna, vumbi tu kwenye gauni. Watu wakanipa pole, nikawaambia niko poa, nikaenda kufungua.

Mteja wa kwanza anatoa elfu themanini. Noti nane za elfu kumi tu jamani, kitu nakifanya kila siku huku napiga stori. Nikafika ya tano nikapotea. Nikaanza upya, nikafika ya sita, nikapotea tena. Mara ya tatu yule baba akanyoosha mkono akasema lete mwanangu nihesabu mwenyewe. Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande. Kuna mtu nilimwekea laki na nusu kwenye namba isiyo yake, hata sikumbuki kubonyeza, niliona kwenye meseji baadaye. Dada alinikuta nimelaza kichwa mezani, nimetapika mara mbili, namuuliza yule boda kaenda wapi, ananijibu, namuuliza tena hilo hilo.

Hospitali nikapigwa CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, majibu safi, nikajua basi yameisha. Daktari akasema hapana, huu ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo umekaa kwenye maji ndani ya fuvu, kichwa kikigota ghafla wenyewe bado unakwenda, unavutika na kujinyonga, seli zinavurugika kazi bila kitu kupasuka ndo maana picha haionyeshi chochote. Na kumbe si lazima mtu azimie, wengi hawazimii. Panadol akaruhusu, diklofenaki, ile dawa nyingine ya maumivu, akakataza kwa siku zile za mwanzo sababu inaweza kuongeza kuvuja damu kama ipo. Nyuma ya cheti akamwandikia mama mambo ya kunirudisha mbio: kutapika tena na tena, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kichwa kuzidi kuuma, kutoamka.

Mama alikulia kwenye ile kwamba aliyegonga kichwa asilale kabisa. Daktari akamwambia mwache alale mama, usingizi unamsaidia, we mwamshe tu umwangalie. Basi akatega alamu kila masaa mawili, ananimulika na tochi ya simu, unaitwa nani, leo siku gani, mwanao yuko darasa la ngapi. Saa tisa usiku nikamjibu la pili. Akanyamaza. Mwanangu alikuwa la tatu. Nikasikia kiti kinavutwa karibu na kitanda, na hakurudi kulala tena mpaka adhana.

Siku ya nne nikarudi kibandani. Mwenye mtaji alishapiga simu, si umesema picha safi, sasa unaumwa nini? Hilo swali liliniuma sana maana sikuwa na kidonda cha kumwonyesha. Mwanga ukipiga kwenye bati la jirani nasikia kama sindano kwenye macho, kioo cha simu siwezi kukitazama, spika ya duka la pili inanitetemesha mpaka meno, halafu nalia tu bila sababu. Jioni mama akanirudisha kliniki kwa bajaji.

Daktari hakunigombeza. Akasema siku mbili za mwanzo ni kupumzika kweli, ila baada ya hapo usijifungie gizani wiki nzima, tembea taratibu, fanya kazi ndogo ndogo, dalili zikizidi punguza, zikitulia ongeza. Na kokote niendako nisigonge tena kichwa kabla hakijapona, boda marufuku. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili hivi. Mimi zilikwenda sita.

Wiki ya sita dada akaleta mauzo ya siku mbili yamefungwa na rababendi, akaniwekea mapajani bila kusema kitu. Nikahesabu taratibu, noti moja moja, mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, midomo yake inakwenda na yangu.

"Laki nne na ishirini," nikasema.

"Laki nne na ishirini," mama akaitikia, akarudi jikoni, maharage yalishaanza kuungua.