Pikapu ya gitaa, K 8 peke yake hainiambii kitu

Hapa Kampala ukimuuliza mtu anayeuza pikapu za mtumba (kile kifaa cha sumaku na koili chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wa waya kuwa umeme) "hii ikoje" atakujibu "hiyo ni K 8, ina nguvu sana", basi, na vijana wa bendi za kanisani wanatoa hela kwa hiyo namba tu, na inaniuma sana maana hela yenyewe wameitafuta kwa jasho.

Hiyo K 8, yaani kilo-omu 8, ni resistansi (ukinzani wa umeme) ya waya wa kopa uliozungushwa kwenye koili, hakuna kingine. Sasa waya si unene mmoja. Pikapu ya shingoni ya gitaa aina ya Telecaster kwa kawaida inazungushwa kwa waya namba 43, ambao ni mwembamba kuliko namba 42 unaotumika kwenye pikapu nyingi, kwa hiyo mizunguko ileile inasoma omu nyingi zaidi na nguvu haijaongezeka hata kidogo. Halafu joto, kopa inapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, yaani pikapu iliyosoma K 8.0 kwenye digrii 20 ukiipima jua limewaka kwenye 30 inasoma K 8.3 na ni ileile. Omu mimi nazitumia kujua kama koili imekatika au imepiga shoti, hapo ziko sawa kabisa.

Kitu cha kuuliza ni induktansi, yaani jinsi koili inavyopinga umeme unaobadilika, inapimwa kwa henri. Singo koili (pikapu ya koili moja) ya gitaa la Stratocaster la kawaida iko kama henri 2.4 hivi, hambaka (ya koili mbili) ya mtindo wa zamani wa Gibson iko kati ya 4 na 5. Hiyo induktansi ikikutana na kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji unaopimwa kwa pikofaradi, inatengeneza kilele, sehemu ambapo sauti inapanda kabla trebo (sauti za juu) haijaporomoka, na hapo ndipo tabia ya pikapu inapokaa.

Hebu tupige hesabu. Chukua henri 2.4, kebo ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, ongeza 100 za koili yenyewe, jumla 600, kilele kinakuja kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 4200 hivi. Hambaka ya henri 4.5 kwa kebo hiyohiyo inakuja kama Hz 3060. Sasa irudishe singo koili uiwekee kebo ya mita 10, kilele kinashuka mpaka karibu Hz 3100! Yaani wewe unayepiga mi-solo, gitaa la kati ya solo na ridhimu, na unataka sebene ing'ae, kebo ndefu imekuchukulia ule mng'ao wote na bado unalaumu pikapu.

Poti nazo, zile resistansi za vifundo vya sauti na toni, zinaingia, ya K 250 inakilaza kilele kuliko ya K 500, na kifuniko cha shaba nyeupe kinapunguza trebo kidogo, cha shaba ya njano kinapunguza zaidi.

Kupima unahitaji mita ya LCR, inayosoma induktansi, kapasitansi na resistansi, ile ya kawaida ya mafundi wengi haisomi henri. Ichomoe pikapu kabisa kwenye poti na kebo, weka mita kwenye Hz 100 au 120 maana kwenye 1000 chuma cha ndani kinaanza kuvuruga namba. Nguvu ya sumaku mita hiyo haikuonyeshi, hapo lazima uchomeke kwenye ampu usikilize.

Na kama Stratocaster yako inasikika nzito, kabla hujanunua pikapu yoyote azima kwanza kebo ya mita 3.