Koti la baba

Shule iliyo nyuma ya nyumba yetu ilichoma makaratasi ya mitihani jana jioni, moshi ukaingia mpaka sebuleni. Mwanangu akakimbilia kufunga madirisha. Mimi nikabaki nimeketi palepale. Karatasi nyingi zikiungua kwa pamoja zina harufu yake, haifanani na kuni wala takataka, na kwangu harufu hiyo ina mahali pake: njia panda moja ya Beijing, nyuma ya soko la mboga, usiku.

Nimeshasimulia mengi ya miaka ile niliyofundisha Kiswahili Beijing. Wanafunzi wangu wanaosimama chini ya miti alfajiri wakisoma Kiswahili kwa sauti, chumba cha maji ya moto na foleni ya chupa zake, jianbing, ile chapati yao ya asubuhi, inayokunjwa ungali unatafuta hela. Ayi wa jengo letu mnamfahamu pia, yule mama aliyekaa mlangoni na kunikagua kila asubuhi kama nimevaa suruali ya ndani ya baridi. Hili la koti sikuwahi kuliandika kwa sababu ya kaka yangu. Juzi ameniambia niandike nikitaka.

Baba alifariki Tanga mwanzoni mwa Novemba 2018. Simu ilinifikia saa tatu usiku, kwetu ikiwa saa kumi jioni, na alikuwa ameshazikwa. Walisubiri wamalize kuzika ndipo wakanipigia, nisije nikahangaika na tiketi ya ndege nisiyoweza kuiwahi. Nilielewa. Lakini kuelewa hakukunipa kaburi la kusimama kando yake, wala matanga ya kukaa. Nilikuwa na chumba ghorofa ya nne, meza, kitanda, na madaftari ya kusahihisha.

Kesho yake nilikuwa na kipindi saa mbili asubuhi, nikaenda. Habari ilikuwa imeshawafikia. Darasa zima la akina Neema na Baraka, majina tunayowapa siku ya kwanza, wakasimama na kunipa mkono wa pole mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu kama wa msibani hasa. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, na walimu wa Kichina waliowapokea vijana wale kabla yangu hawakuwafundisha sarufi peke yake. Nikafundisha. Siku zilizofuata nikafundisha tena.

Joto la mabomba ya kupasha nyumba hufunguliwa rasmi tarehe 15 Novemba katika jiji lile, na hufungwa 15 Machi. Aliyeishi kule anajua kwamba siku za mwisho kabla ya kufunguliwa huuma kuliko Januari yenyewe, kwa sababu Januari ukiingia ndani umeokoka, lakini Novemba ile kuta zenyewe zimeshapoa. Nilikuwa nalala na koti. Ayi alipanda ngazi zote zile na chupa ya maji ya moto, akanitazama machoni, akashuka. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia kwamba ayi alimshika mkono pale mlangoni akamuuliza mwalimu ana nini, naye akamweleza.

Usiku wa tarehe 8 wakanigongea wote wawili. Ayi alibeba mfuko wa nailoni. Mwanafunzi akanieleza kwa taratibu, akichagua maneno: leo ni siku ya kwanza ya mwezi wa kumi kwa kalenda yao ya mwezi, siku ambayo watu hupelekea marehemu wao nguo kabla baridi haijashika. Kaburi la mama yake ayi liko kijijini kwao Henan, mbali, na hakupata ruhusa ya kwenda. Aliye mbali na kaburi huchomea nguo zile njia panda. Ayi anauliza kama mwalimu angependa kwenda naye, kwa kuwa mwalimu naye yuko mbali.

Mtu wa Tanga akiambiwa njia panda, usiku, na moto, anajua akili yake inakwenda wapi. Kwetu njia panda ndiko wanakopeleka kafara na kuvunja nazi, na baba hakutaka hata tupite karibu na vitu vile. Nilisimama mlangoni nikimfikiria yeye. Kisha nikavaa viatu, maana yule mama alikuwa ameshanishika kiwiko.

Pale njia panda hatukuwa peke yetu. Kwenye kila kona palikuwa na moto mdogo na watu wawili watatu wamechuchumaa, nyuso zikimulikwa kwa chini. Wenye mamlaka hawaupendi moshi ule, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele wala kukawia. Ayi akatoa kipande cha chaki, akainama, akachora duara juu ya lami, kubwa kiasi cha sinia la pilau. Hakulifunga. Aliacha mwanya upande wa kusini, kuliko na Henan, ili mama yake apate njia ya kuja kuchukua vitu vyake. Nikatazama maduara ya majivu yaliyoachwa na waliotutangulia. Mianya yao ilielekea kila upande, kwa sababu jiji lile limejaa watu waliotoka mbali.

Kisha akachora duara la pili pembeni mwa lake. Chaki ikasimama hewani. Akanitazama na kuuliza jambo, na mwanafunzi akatafsiri: kwenu ni upande gani?

Swali lile nilikuwa na jibu lake bila kufikiri. Mara tano kwa siku nilielekea magharibi, na programu ya kibla kwenye simu ilikuwa imenizoesha pembe yake barabara: magharibi, na kupanda kaskazini kidogo tu. Na kwa kuwa niliwahi kukaa na ramani usiku mmoja wa upweke, nilijua kwamba Maka na Tanga karibu ziko kwenye mstari mmoja, moja juu na nyingine chini. Ukitazama kutoka Beijing, kwetu ni kushoto kidogo mwa kibla. Kila niliposujudu mwaka ule wote, nyumbani kulikuwa begani kwangu. Nikaelekea kibla pale barabarani, nikageuka kushoto kidogo, nikanyoosha mkono. Mwanafunzi akahakikisha kwa dira ya simu yake, akatikisa kichwa kukubali. Ayi akachora, akaacha mwanya palepale nilipoonyesha.

Halafu akatoa makoti mawili ya karatasi. La mama yake lilikuwa jekundu lenye maua. La baba alilichagua la buluu iliyoiva, koti la pamba la wazee, limekunjwa vizuri. Akanipa mikononi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na sare za shule pale Ngamiani tangu sijazaliwa, na sisi watoto tulijifunza kutazama nguo kwa kuigeuza kwanza ndani nje. Nikajikuta nimelifungua lile koti chini ya taa ya barabarani. Ukosi ulikuwa umekatwa na kugundishwa juu, haukuchorwa tu. Mishono ya mabegani ilichapwa kwa vistari vidogo vyeupe, na mmoja ulikuwa umepinda kuelekea kwapani. Vifungo vitano vya karatasi ya dhahabu, tundu la kile cha chini halikulingana na kifungo chake. Baba angeliona hilo kabla hajavuta pumzi. Angeondoa miwani, akasogeza kitambaa karibu na jicho, akasema neno moja tu, "Fungua," na mwanafunzi wake wa kazi angeanza kufumua. Nilimsikia akilisema. Tangu ile simu ya saa tatu sikuwa nimelia, na hapo ndipo nililia.

Ayi hakunikataza. Alichoma la mama yake kwanza, akizungumza nalo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa mzazi wake habari za nyumbani. Karatasi chache akazichoma nje ya duara. Hizo, mwanafunzi akaniambia, ni za marehemu wasio na mtu wa kuwapelekea chochote. Kisha akanigeukia, akauliza jina la baba. Nikalitaja. Akalirudia silabi kwa silabi, akakosea, nikamsahihisha kama ninavyosahihisha darasani, akarudia mpaka likakaa sawa. Akafungua viganja viwili mbele yangu, akasubiri.

Nikampa koti.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Nikapanda basi mpaka msikiti wa Niujie, ule unaosemekana kuanzishwa mwaka 996, wenye mapaa yaliyopinda kama ya mahekalu yao na Kiarabu kwenye mbao za ndani. Nilisali upande wa wanawake, nikamwombea baba sana. Bibi mmoja wa Kihui, jamii ya Waislamu wa Kichina, aliyekaa kando yangu alinitolea salamu, nikamwitikia, tukaishia hapo kwa kukosa lugha. Nilifikiria kumtafuta imamu nimweleze habari ya usiku. Sikwenda.

Mama nilimweleza niliporudi likizo, eda yake ikiwa imeshakwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza koti lile nani alilinunua. Nikamwambia ni yule mama mwenyewe, kwa hela yake ya mshahara. Akaingia chumbani, akatoka na doti ya kanga mpya, akasema nimpelekee. Nikampelekea.

Kaka ni mwalimu wa madrasa, na kwake jambo hili haliko wazi namna hiyo. Anasema maiti wa Kiislamu hupelekewa dua na sadaka, basi, na kwamba kukabidhi ni sawa na kuchoma. Mimi namwambia baba alitufundisha kupokea kwa mikono miwili anachokupa mtu kwa mapenzi, na usiku ule aliyenipa alikuwa na huzuni kama yangu. Anasema baba huyohuyo alitukataza njia panda. Ni kweli, alitukataza. Tumeshalizungumza hili kwenye arobaini tuliyoifanya upya nilipofika, kwenye harusi ya binti yake, na kwenye simu zaidi ya mara moja, na hakuna aliyemsogeza mwenzake. Akisoma hapa atapiga simu, na tutaanza tena.