Kisu cha Laki Mbili na Nusu

Kisu kilikaa mezani kwetu siku tatu, kati ya chupa ya chai na kopo la sukari. Ukikikunja kinaenea kiganjani chote. Mpini wake ni wa mbao ya kahawia ya mti wa jozi, na ukifungua bapa linatoa mlio mmoja mfupi, tak, basi. Mama watoto alikiangalia Jumatano jioni akauliza, "Hiki ndicho cha laki mbili na nusu?" Nikamwambia ndicho. Akakifungua, akakata nacho kitunguu, akakipangusa kwenye khanga, akakikunja. "Mbona kinakata kama kile cha buku mbili?" Akarudi jikoni.

Kisu hakikuwa changu bado. Kuna jamaa wa Makambako anayeingiza zana za bustani kutoka Ujerumani, ndiye aliyeniachia nikijaribu. Tulikubaliana Jumamosi nimpe hela au nimrudishie kisu chake. Sikumwambia habari ya kitunguu.

Kwa wasionijua, nina kitalu cha miche ya parachichi hapa Njombe na kazi yangu ni kubebesha. Unachukua mche uliootesha kwa kokwa, ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua katikati, kisha unachonga kikonyo cha Hass, yaani kijiti cha mti wa parachichi la aina hiyo, kama kabari, unakichomeka kwenye ufa na kukifunga kwa nailoni. Ile ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kikonyo lazima iguse ngozi ya kijani ya mche. Ukichonga kwa mawimbimawimbi panabaki upenyo, na upenyo ukiingia hewa au maji, kikonyo kinakauka. Ndiyo maana kisu cha kubebeshea kinanolewa upande mmoja tu, upande wa pili unaachwa bapa kabisa ili mkato utoke umenyooka.

Hass haipatikani kwa kokwa. Ukiotesha kokwa ya Hass unapata parachichi lolote litakalojitokea. Mti wa kwanza wenyewe ulitokea hivyo, California, kwenye shamba la Rudolph Hass aliyekuwa akipeleka barua za posta. Fundi wake alijaribu kuubebesha aina nyingine, vikonyo vikakataa, akamshauri auache ukue. Mwaka 1935 Hass akausajili kwa hataza, na Hass zote mnazokula leo zimetokana na vikonyo vya mti ule mmoja. Wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Kwa hiyo kazi ninayolisha nayo watoto ilianza siku fundi mmoja alipobebesha vibaya. Sijui alikuwa na kisu gani, lakini namshukuru.

Miaka yote hii mimi natumia wembe. Wembe mmoja shilingi 200, nauvunja katikati, napata miche kama hamsini kabla haujaanza kuburuza. Kwa msimu nabebesha miche 6,000 hivi, yaani nyembe 120, shilingi 24,000. Fanya hesabu: laki mbili na nusu ni nyembe za misimu kumi na ushee. Ukitazama upande huo peke yake, hakuna cha kujadili, rudisha kisu cha watu.

Ila mwaka jana kulitokea jambo. Mwenye miti mama ninayechukua kwake vikonyo alichelewa, na nilipovipata, miche kama 400 ilikuwa imenenepa kupita kiasi, minene kuliko kidole changu cha shahada. Wembe kwenye shina la namna hiyo unapinda. Unausukuma, unakwenda upande, unausukuma tena, na siku hiyo ulivunjika. Nusu ilibaki kwenye shina na nusu ikaingia kwenye dole gumba langu la kulia. Nyuzi tatu, zahanati, na wiki mbili za kukaa kwenye kigoda nikiangalia wengine wakifanya kazi yangu.

Aliyeendelea ni shemeji yangu. Mwenzetu mmoja wa Rungwe, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Arusha, akatuazima kisu chake cha Kijerumani, Tina 605, kama hiki hiki cha mezani. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikamwambia shemeji tujaribu. Miche ya kawaida 200 kwa wembe, 200 kwa kisu, mkono mmoja, vikonyo vya mti mmoja, nikaviwekea alama kwenye viriba kwa rangi. Baada ya wiki sita nikahesabu iliyoshika. Wembe 168, kisu 173.

Yaani hakuna kitu. Miche mitano hata panya anaweza kuila.

Lakini kwenye ile minene tulifanya 60 kwa 60. Wembe ulishika 21. Kisu kilishika 47. Hapo nilihesabu mara mbili, nikamwita mama watoto naye ahesabu. Mche wangu nauza 4,500. Kama ile 400 yote ingebebeshwa kwa kisu badala ya wembe, tofauti ni kama miche 170, karibu laki nane. Nikampa hesabu hiyo nikijua nimeshinda. Akaniambia, "Si ubebeshe kwa wakati tu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa niseme na mabaya yake, kwa sababu wauzaji hawayasemi. Chuma cha hiki kisu si stenlesi. Ni chuma cha kaboni, kinachukua makali ya ajabu na kuyashika, lakini utomvu wa parachichi unakifanya cheusi kabla ya saa nne asubuhi. Na Njombe mnaijua, ukungu unalala hadi ndani ya nyumba. Usipokipangusa na kukipaka mafuta kila jioni, asubuhi unakuta vidoa vya kutu.

Lingine ni jik. Kuna kijidudu cha parachichi, kidogo kuliko kirusi, kile kinachotia michirizi ya njano kwenye tunda, kinachohama kutoka mti hadi mti kwa visu. Spiriti haikiui, dawa yake ni kuchovya zana kwenye jik iliyochanganywa na maji kabla ya kuhamia mti mama mwingine. Jik na chuma cha kaboni ni maadui. Wembe ukimaliza mti unautupa, unachukua mwingine, habari imekwisha. Kisu cha laki mbili na nusu hukitupi. Unakichovya, unakisuuza, unakifuta, unakipaka mafuta, na roho inakuuma kila mara.

Na lazima ujue kunoa. Sizungumzii wale mafundi wa baiskeli wanaopita mtaani, hao wakikigusa wamekimaliza, watakinoa pande zote mbili kama kisu cha nyama. Kinahitaji kinoo laini na dakika kumi za utulivu, upande wenye mteremko tu, ule bapa unaulaza kwenye jiwe mara moja mbili kuondoa vinyuzi vya chuma. Shemeji aliweza baada ya siku nne. Tena hakina loki, bapa linashikiliwa na springi tu, kwa hiyo ukisukuma vibaya kinaweza kukukunjikia vidoleni. Nimeshazungumza habari ya vidole.

Nikabaki hivyo hadi Ijumaa, sijaamua. Hapana, niseme kweli: nilikuwa nimeshaamua kununua tangu Jumatano, nilikuwa natafuta hesabu ya kumwonyesha mama watoto. Ijumaa asubuhi nikachukua fito za miche iliyokufa, nikakaa kwenye kigoda changu, nikaanza kuchonga.

Mkato wa kwanza ukazama. Nikasema mkono umesahau. Wa pili ukazama zaidi, bapa linaingia ndani ya mti kana kwamba kuna mtu analivuta kutoka upande wa pili. Nikabadilisha pembe, sasa likawa linateleza na kutoka nje. Nikachonga fito kumi na tano, zote zina tumbo kama mtumbwi. Kisu ambacho shemeji alikuwa akikipitisha mara moja na kuacha mkato unaong'aa, kwangu kilikuwa hakina faida kuliko panga.

Mimi ni mashoto.

Mwaka jana sikukishika kwa sababu ya kidole, nilikuwa nahesabu tu. Kisu kilichonolewa upande mmoja kina mkono wake. Cha mkono wa kulia ukikishika kwa kushoto, ule upande bapa unatazama nje na mteremko unalalia kikonyo, kinyume kabisa cha kinavyotakiwa. Wembe hauna habari hiyo, umenolewa pande zote mbili, miaka yote umenitumikia bila kuniuliza mkono. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinichapa mkono huu huu ili nihamie kulia. Sikuhama wakati ule, sitahama leo kwa ajili ya kisu.

Nikampigia jamaa wa Makambako. Akacheka sana. Akasema vya kushoto vipo, wenyewe wanaviita 605L, lakini yeye haviweki kwa kuwa havina wateja. Nikitaka ataniagizia, 310,000, nusu natanguliza. Elfu sitini zaidi kwa kosa la kuzaliwa. Nikamuuliza habari za Victorinox, maana Waswisi nao wana visu vya kubebeshea, stenlesi, bei nafuu, na jik haviiogopi sana. Akasema anavyo, lakini alivyonavyo navyo ni vya kulia.

Jumamosi nikamrudishia kisu chake, nimekinoa na kukipaka mafuta, hakina hata harufu ya kitunguu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Miche ya kawaida itaendelea na wembe, hilo sina ubishi nalo. Lakini vikonyo vitachelewa tena, mwenye miti mama namjua, na miche minene itakuwepo, na kidole kina kovu linalouma kila baridi ya Juni inapoingia. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ninunue, ila fedha zitoke kwenye ile ya pikipiki, si kwenye ada ya watoto.

Jana nimetuma 155,000 kwa simu. Na ujumbe nikaandika: "Kaka, cha KUSHOTO. Nakuomba uandike kwenye karatasi ya oda, KUSHOTO." Akajibu kwa alama ya dole gumba. La kulia.