Nilivyopunguza mabaki ya viuatilifu katika chakula tunachopika nyumbani

Nyumbani kwetu Morogoro tunakula kama majirani wengi wanavyokula: ugali wa dona, wali, maharage, mchicha au chainizi, na kachumbari ambayo haikosekani siku ya nyama au samaki. Mimi ndiye ninayekwenda sokoni na mara nyingi ndiye ninayepika, kwa hiyo mtoto wetu alipoanza kula chakula cha sufuria moja na sisi, suala la dawa za shambani liliangukia mikononi mwangu. Mtoto mdogo, ukilinganisha na uzito wa mwili wake, hula chakula kingi kuliko mtu mzima, na kwa sababu hiyo mabaki ambayo kwangu ni kidogo sana kwake huwa kipimo kikubwa zaidi kwa kila kilo aliyonayo. Kupunguza mboga katika sahani yake sikukufikiria hata kidogo, maana hasara yake ingekuwa kubwa kuliko faida. Nilichotaka ni kujua dawa imekaa wapi katika kila chakula, ili nisipoteze maji na muda kuifuata mahali isipokuwepo.

Kwa hiyo nilianzia katika duka la pembejeo, nikaomba kusoma vibandiko vya dawa zinazonunuliwa sana na wakulima wa nyanya wa Mlali na wale wa kabichi, karoti na viazi wa Mgeta, kwa kuwa mazao yao ndiyo yanayojaza meza za Soko la Mawenzi na za Soko Kuu la Chifu Kingalu. Dada aliyekuwa akiuza aliniuliza, “Kaka, unalima nini?” Nikamjibu, “Silimi, dada yangu, napika tu.” Alicheka, lakini alinipa nafasi ya kusoma, na somo nililopata pale kaunta ndilo lililoongoza mambo mengine yote. Dawa hizi zina tabia mbili kuu. Zipo za mguso, ambazo hubaki juu ya ganda au jani na kufanya kazi hapo hapo, kama vile mankozebu, unga unaozuia ukungu wa nyanya na viazi. Zipo pia zinazopenya na kusafiri ndani ya mmea pamoja na maji yake, kama imidaklopridi inayoua wadudu wafyonzao. Wakati mwingine tabia zote mbili zimo ndani ya pakiti moja, kwa sababu mankozebu huuzwa sana ikiwa imechanganywa na metalaksili, na metalaksili ni ya kupenya. Maana yake jikoni ni kwamba nyanya iliyooshwa ikang'aa imeondolewa sehemu moja tu ya kilichopuliziwa, na ile sehemu ya pili haiondoki kwa kuosha hata mtu angeiloweka usiku kucha.

Ile sehemu ya kwanza, hata hivyo, ndiyo inayoonekana kwa macho, na kwa nyanya za kwetu si haba. Ule unga mweupe unaoelekea ubuluu, unaoganda hasa kuzunguka kikonyo, mara nyingi ni masalia ya dawa ya ukungu. Mankozebu haiyeyuki vizuri katika maji. Hukaa kama chembe ndogo zilizoshikamana na ganda, na hiyo ndiyo sababu kuloweka peke yake hakusaidii sana ilhali kusugua kunasaidia. Ninachofanya ni kuosha nyanya nzima, kabla ya kukata na kabla ya kutoa kikonyo, moja baada ya nyingine, nikiizungusha kati ya viganja na kupitisha kidole gumba mahali palipobonyea. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu huo ndani ya nyama ya nyanya, kwa hiyo suala la kuosha kwanza na kukata baadaye silifanyii mzaha.

Maji ya bomba kwetu hayatoki saa zote, na ushauri wa kuosha chini ya maji yanayotiririka huwa hauna maana mtu anapotegemea ndoo. Nimezoea kutumia mabeseni mawili na kopo. Katika beseni la kwanza nasugua, katika la pili nasuuza, kisha namiminia maji safi ya kopo juu ya nyanya zikiwa kwenye chujio ili zisirudi kuogelea katika maji yale yale zilikotoka. Maji ya beseni la kwanza huenda chooni. Kwa vitu vitakavyoliwa vibichi, kopo hilo la mwisho huwa la maji yaliyochemshwa, kwa kuwa vijidudu vya tumbo ni hatari nyingine kabisa, na huku kuosha kwa ajili ya dawa hakuviui.

Kabla ya kuzoea hayo niliwahi kusikia hoja kwamba moto humaliza kila kitu, kwa hiyo nyanya ya mchuzi haihitaji kuoshwa sana kama ya kachumbari. Hoja hii ni kweli nusu. Dawa kadhaa huvunjika au kupungua zinapochemshwa, lakini mankozebu ikipata joto hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo ethilinithayourea, ambayo huvuruga kazi ya tezi ya thairoidi. Kwa hiyo nyanya inayokwenda kwenye sufuria inastahili kusuguliwa kama ile inayoliwa mbichi, na pengine zaidi, kwa sababu kwenye mchuzi tunaweka nyanya nyingi kwa mara moja.

Jambo lililonichukua muda ni kuamua kama niongeze chochote kwenye maji. Majirani wana maoni mengi: mmoja anaapa kwa chumvi, mwingine kwa siki, na wa tatu anaosha hoho kwa sabuni ya vyombo. Sabuni niliikataa mara moja, kwa sababu maganda na majani yana vitundu vinavyoweza kuifyonza, na sabuni ya vyombo haikutengenezwa ili iliwe. Kuhusu maji matupu, kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut nchini Marekani kilichapisha mwaka 2000 matokeo yaliyonituliza. Kati ya dawa 12 zilizochunguzwa, mabaki ya 9 yalipungua kwa kusuuza mazao kwa maji ya bomba, na vile vimiminika vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kuoshea matunda na mboga havikuyashinda maji hayo. Kilicho muhimu ni mikono, yaani msuguano. Tangu niliposoma hayo sijawahi kutamani kununua chupa ya kuoshea mboga, ingawa zimeanza kuonekana kwenye maduka makubwa.

Kitu pekee ninachoongeza, tena kwa baadhi ya matunda tu, ni bikabonati ya soda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa matufaha yaliyopakwa dawa mbili, thiabendazoli na fosmeti, wakaona kwamba maji yenye gramu 10 za bikabonati kwa lita moja yaliondoa mabaki ya juu ya ganda baada ya dakika 12 kwa dawa ya kwanza na 15 kwa ya pili, vizuri kuliko maji matupu. Matufaha mengi tunayouziwa huku hutoka nje ya nchi yakiwa yamesafiri mbali na mara nyingi yanang'aa kwa nta, kwa hiyo niliona jambo hili linatuhusu. Natia vijiko viwili vidogo kwa kila lita, naloweka robo saa, nasugua na kusuuza. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia mpaka wa njia hii, kwa maana asilimia 20 ya thiabendazoli ilikuwa imeshaingia ndani ya ganda na nyama ya tunda, mahali ambapo maji ya bikabonati hayafiki. Tufaha la mtoto, basi, namenya, na ganda lenye nyuzinyuzi nampunguzia kwa makusudi.

Inafaa nieleze hapa kwamba unga wa kuumulia keki una asidi na wanga ndani yake na haufanyi kazi hii, na kwamba magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi ya bikabonati. Yote mawili huwekwa rafu moja dukani, na muuzaji akiwa na haraka huweza kukupa lolote.

Mboga za majani zinataka uvumilivu. Mchicha na chainizi nakata mizizi au shina la chini ili kila jani lijitegemee, kisha nayatumbukiza katika beseni lenye maji mengi na kuyatikisa kwa mikono, na ninayatoa kwa kuyainua juu badala ya kumwaga maji yakiwa bado ndani, kwa sababu yakimwagwa hivyo mchanga na uchafu uliokwisha tulia chini hurudi juu ya majani. Narudia katika maji mapya mpaka beseni lisalie safi. Kukatakata hufuata baadaye. Wengi wetu tumezoea kukata kwanza na kuosha mara ya mwisho, jambo linalopoteza vitamini nyingi bila kuondoa dawa zaidi. Kabichi ni rahisi kuliko zote, kwa kuwa imejifunga yenyewe: majani mawili au matatu ya nje ndiyo yaliyopokea sehemu kubwa ya dawa, nayo hayaingii sufuriani. Chainizi haina kinga hiyo, majani yake yamefunguka yote, ndiyo maana kabichi imeongezeka katika ratiba yetu.

Matango namenya, na viazi pia. Karoti nakwangua na kukata kichwa chake. Hoho zina kishimo kuzunguka kikonyo ambamo maji ya dawa hutuama na kukauka, na hapo natumia brashi ndogo laini. Ndimu za achari, ambazo huliwa na ganda lake, nazo hupitia maji ya bikabonati.

Kwa zile dawa zilizopenya, kazi yote iliyobaki imo mikononi mwa mkulima, na mimi naweza tu kuchagua ninunue kwa nani. Kila kibandiko kina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na katika siku hizo mmea, jua na muda huivunja dawa mpaka ishuke kufikia kiwango kinachokubalika. Hapa nchini kazi ya kusajili na kudhibiti dawa hizi ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua nafasi ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, ila hakuna ofisa atakayesimama kwenye kila shamba akihesabu siku. Nilichagua mama mmoja wa genge ambaye hununua kwa wakulima anaowafahamu, nikawa mteja wake wa kudumu, na namuuliza waziwazi. Siku nyingine huniambia, “Baba, hizi za leo usichukue, mvua imenyesha wamepulizia juzi,” na siku hiyo nanunua bamia au kisamvu. Mchicha na matembele tumeotesha kwenye magunia uani. Nyanya nilijaribu nikaachana nazo, kwa kuwa ukungu ulizimaliza kabla hazijaiva, na nilielewa vizuri zaidi kwa nini mkulima wa Mlali hulala na bomba lake la kupulizia.

Nafaka ndizo nilizozifikiria mwisho, ingawa ndizo tunazokula kwa wingi kuliko chochote. Mahindi na maharage hupata dawa baada ya mavuno, wakati wa kuhifadhi, na ile iliyozoeleka kwa miaka mingi, Actellic Super, ni vumbi lenye pirimifosi-methili na permethrini, linalochanganywa na punje kwa kipimo cha gramu 100 kwa gunia. Maharage hayanipi shida: nayapepeta, nayaosha mara kadhaa, nayaloweka usiku na kumwaga maji ya kulowekea. Shida ni dona. Vumbi hilo hukaa kwenye ngozi ya nje ya punje, na mahindi yakikobolewa sehemu kubwa yake huondoka na pumba; yakisagwa bila kukobolewa, dawa hubaki kwenye unga pamoja na vitamini na nyuzinyuzi zinazotufanya tuipende dona. Niliwahi kujaribu kuosha mahindi na kuyaanika kabla ya kusaga, na njia hiyo inafaa wakati wa kiangazi pekee, kwa sababu punje zisipokauka barabara huota kuvu, na sumukuvu si kitu cha kuchezea. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Suluhisho tulilofikia ni kununua mahindi mara tu baada ya mavuno, yakiwa makavu na kabla hayajatiwa dawa yoyote, na kuyahifadhi wenyewe katika mifuko ya PICS, ambayo ina tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba cha kawaida na ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipokuwa wakihifadhi kunde nchini Kamerun. Mfuko ukifungwa sawasawa, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa bila dawa. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiroba kitupu, lakini hutumika tena msimu unaofuata mradi panya au mtoto hajautoboa. Tunafungua mfuko mmoja kwa wakati na kuupeleka wote mashineni. Mahindi yetu yakiisha kabla ya mavuno mapya, nanunua ya sokoni, nayakoboa, na tunakula sembe kwa miezi hiyo, huku nikiongeza maharage na mboga za majani kwenye sahani ili kufidia kilichokwenda na pumba.