Mtungi wangu hubebwa na mwingine

Watu wakiliona kovu la mbele ya shingo yangu huwa hawajui waulize nini. Mzee mmoja pale Kilindoni, tukisubiri boti ya Nyamisati, ndiye pekee aliyesema waziwazi: "Mwanangu, nani alitaka kukuchinja?" Nikamjibu, "Daktari." Alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini swali lake hata mimi niliwahi kumuuliza daktari. Ugonjwa uko nyuma, mbona mnapitia mbele? Akanichorea kwenye karatasi. Ukipita mbele unasogeza koo na bomba la hewa kando kidogo, unazikuta pingili za shingo bila kuugusa uti wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani yake. Ukipita nyuma, uti wenyewe umekukalia njiani. Basi wakapita mbele. Wakatoa diski iliyokuwa kati ya pingili ya tano na ya sita, maana ilikuwa imetokeza na kukandamiza neva, wakaziba nafasi yake, wakakaza kibamba cha titani kwa skrubu nne ili mifupa miwili iote iwe mmoja. Hiyo ilikuwa Februari 2023, Dar es Salaam.

Mimi kazi yangu ni kuongoza wazamiaji, wageni wanaozama baharini kwa mitungi ya hewa, Utende, kisiwani Mafia. Nimeanza 2004. Wanaofika kwetu huiona Ghuba ya Chole maji yakiwa yamejaa, wakapiga picha, wakasema pepo ndiyo hii. Maji yakitoka ni habari nyingine. Boti inakaa mbali huko, na kila kitu kinakwenda begani, miguu ikizama kwenye mchanga na majani ya bahari. Mtungi wa aluminiamu uliojazwa hewa una kilo kama 17. Nilikuwa nabeba miwili, mmoja bega hili, mmoja bega lile, na nilikuwa naona fahari. Wageni walikuwa wananitazama. Nani hapendi kutazamwa akiwa na miaka 25?

Daktari hakukubali kwamba mitungi ndiyo iliyoniumiza. Alisema diski huchakaa kwa umri, na kuna watu wa ofisini wasiobeba hata ndoo wanaougua vilevile. Sawa, yeye ndiye aliyesoma. Lakini hajawahi kunibebea mtungi hata siku moja.

Ilianza na ganzi kwenye kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Halafu ikaja shoti ya umeme kutoka shingoni, inapita begani, inaishia kwenye kiwiko. Zahanati moja ilinipa sindano za maumivu na dawa ya kuchua, nikachuliwa miezi minne. Kikombe cha chai kikaniponyoka mbele ya wakwe. Siku niliyoshindwa kufungua valvu ya mtungi kwa mkono wa kulia nikajifanya nakohoa, nikafungua kwa kushoto.

Kisha siku moja nimetoka majini, nimekaa kwenye boti, mkono mzima umekufa ganzi. Sasa kwa mzamiaji jambo hilo si dogo. Ukikaa chini ya maji, naitrojeni ya hewa unayovuta inaingia mwilini. Ukipanda vibaya inageuka mapovu, na mapovu yakiugusa uti wa mgongo dalili zake ni hizohizo: ganzi, vidole kuwashwa kama vinachomwa sindano, kiungo kuishiwa nguvu. Nahodha alinivalisha barakoa ya oksijeni hata kabla sijamaliza sentensi. Kisiwani kwetu hakuna chumba cha mgandamizo, mgonjwa wa mapovu ni lazima avushwe bahari. Nilikuwa nimelala chali navuta oksijeni, najua moyoni kwamba ganzi ile niliamka nayo asubuhi na sikumwambia mtu. Ndiyo aibu yangu kubwa katika hadithi hii yote, kuliko kikombe cha wakwe.

Nilipona kidogo kidogo. Wiki ya kwanza sauti ilikuwa ya kunguru na uji ndio uliopita. Kola ya shingo wiki sita. Mama watoto alininyoa ndevu kwa sababu sikuweza kuinua kidevu, akawa ananiambia "angalia juu" kwa kunichokoza. Shoti ya umeme iliondoka siku nilipozinduka, kweli kabisa, kama mtu aliyezima swichi. Nguvu za mkono zilirudi taratibu sana. Ganzi iligoma kwenye ncha ya kidole gumba, na mpaka leo ipo.

Hapa kijijini swali lililovuma ni lile la chuma. Kule chini maji hayatakibonyeza? Hakitaota kutu? Hakitaita radi? Nilichoka kujibu. Titani ni kipande kigumu kisicho na hewa ndani, na maji hayana cha kukamua hapo. Kuna vyombo vya kuzamia kilindini kabisa ambavyo chumba wanamokaa watu kimetengenezwa kwa titani hiyohiyo. Mita 18 chini mgandamizo ni mara 2.8 ya ule wa juu ya maji, na kibamba hakina habari. Cha kuogopa ni mfupa ambao haujashika. Ndiyo maana nilipigwa picha miezi mitatu, sita na tisa baada ya upasuaji, na ile ya miezi tisa ndiyo daktari aliyoinua kwenye mwanga akasema, "Umeshika. Kuhusu bahari, tafuta anayeijua."

Sikumlaumu. Yeye ni bingwa wa mifupa, hajawahi kuweka regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, mdomoni. Niliwaandikia DAN, wale wanaoshughulika na usalama wa wazamiaji, nikaambatanisha ripoti. Jibu lao halikuwa la ndiyo au hapana. Waliuliza nguvu za mkono zimerudi kiasi gani, shingo inageuka kiasi gani, na kama kuna ganzi iliyobaki, basi ichunguzwe na daktari na kuandikwa ilipo, kabla sijalowa.

Kuandikwa. Hilo lilinikaa. Daktari alinipima kwa pini na pamba, akaandika kwa lugha yao. Mimi nikachukua daftari la binti yangu, nikaweka kiganja juu ya ukurasa, nikakizungushia kalamu kama tulivyokuwa tunafanya shule ya msingi. Kisha nikafumba macho, mama watoto akawa ananigusa na kijiti cha meno, mahali nisipohisi anapaka wino mwekundu. Kikatoka kipande kidogo tu, ncha ya gumba, umbo la punje ya hindi. Karatasi hiyo nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka ndani ya sanduku la oksijeni. Nahodha nikamwambia: nikitoka majini nikilalamika ganzi, fungua karatasi. Ikiwa ni hapo tu, ni ya zamani. Ikivuka wino hata kidogo, oksijeni na simu, na chochote nitakachosema usinisikilize.

"Kwani lini ulisikilizwa?" akasema.

Nikangoja kaskazi iingie. Disemba maji ya ghuba yana nyuzi 29 na unaona mbali. Nikachagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa robo, kwa sababu bamvua likiwepo mkondo wa Kinasi, pale mlangoni mwa ghuba, unamvua mtu maski, na mimi shingo hii sikutaka kuipeleka kupigana na mtu. Ndani ya ghuba, mita tisa, mwamba mdogo ninaoujua kama uwanja wa nyumbani.

Asubuhi hiyo kijana niliyemfundisha mwenyewe, ambaye nilimzuia mara tatu asinywe chai akiwa amevaa mkanda wa risasi, ule wa uzito wa kuzamia, alikuja akanyanyua mtungi wangu mbele ya macho yangu.

"Mjomba, leo wewe mgeni."

Nilijua litakuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maji, kwa maumivu, kwa hofu. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nilitembea nyuma yake kwenye maji ya magotini nikiwa na maski tu mkononi, mikono imekosa kazi, na akina mama waliokuwa wakitafuta pweza wakasimama kunitazama. Mmoja akapaza sauti, "Baba, umekuwa Mzungu!" Nikainua maski nikamsalimia. Ungefanya nini?

Zamani nilikuwa najipindua kinyumenyume kutoka ukingoni mwa boti, mtungi mgongoni, puu! Safari hii nilishuka ngazi na fulana, wakanitupia vifaa majini vikielea, nikavaa hukohuko. Mtungi tulikuwa tumeushusha chini kidogo kwenye mkanda wake. Ukikaa juu kama ilivyo desturi, kila ukiinua kichwa kisogo kinagonga kichwa cha regyuleta, na mimi kisogo changu sasa nakihesabia.

Kushuka hakukuwa na shida yoyote, masikio yalifunguka, pumzi ikatulia. Tatizo lilianza nilipolala kifudifudi. Mzamiaji anapoogelea amelala, ili aone mbele ni lazima apinde shingo nyuma, na akae hivyo dakika 40. Sikuwahi kuliwaza hilo kwa miaka yote. Shingo ikaniambia hapana, si kwa maumivu, kwa ukuta tu. Nikabaki naangalia mchanga kama mtu aliyepoteza shilingi. Kwa hiyo nikasimama nusu wima kama farasi wa bahari, mapezi yakining'inia, jambo ambalo wanafunzi wangu nimewakemea nalo maisha yangu yote kwa sababu linatimua vumbi. Nikapanda nusu mita juu zaidi ili nisiguse kitu.

Daktari alinieleza kwamba karibu nusu ya kugeuza shingo hufanywa na pingili mbili za juu kabisa, nazo hazikuguswa, kwa hiyo nilichopoteza ni kidogo. Huenda. Lakini misuli haijasoma karatasi zake. Nikitaka kuona kushoto, nageuka mwili mzima kama jahazi.

Alipita kasa ng'amba juu yangu. Nilijua kwa sababu kijana aligonga mtungi wake na kuonyesha. Kumwangalia sikuweza. Nikafikiri kidogo, nikajilaza chali, mgongo kwa matumbawe, tumbo kwa jua. Nikamwona yeye, nikaona tumbo la boti yetu na rangi yake inayobanduka, nikaona mapovu yangu mwenyewe yakipanda na kutanuka kama vyungu. Miaka 19 ya kuhesabu vichwa vya wageni, na nadhani sikuwahi kulala hivyo hata dakika moja. Nilikaa mpaka kijana akaja kunipiga bega kuuliza kama niko salama.

Bega lilianza kukaza dakika ya 26. Tulipanda, tukasimama dakika tatu mita tano, tukatoka. Nikavua vifaa majini, nahodha akavivuta juu.

Tangu hapo nimezama mara nyingine, mara moja kwa siku, mita 18 mwisho, Kinasi siku za maji mafu tu. Kipato kimepungua na sitajifanya hakijapungua. Kama nawe una shingo kama yangu usichukue hesabu yangu ukaifanya yako. Mwenye pingili mbili au tatu zilizounganishwa, au mkono usiorudi nguvu, ana hesabu nyingine na daktari wake.

Lakini siku ile ya kwanza nilipokaa kwenye benchi, nahodha hakuniuliza kulikuwaje. Alifungua sanduku, akatoa karatasi, akatoa kijiti cha meno kutoka mfukoni mwa shati. Nikafumba macho.

"Hapa?"

"Nimesikia."

"Hapa?"

"Nimesikia."

Kimya.

"Unagusa?" nikauliza.

"Nagusa."

"Basi ni palepale."

Akaikunja karatasi. Nilipofumbua macho tulikuwa tumefika mahali pa kushukia, na kijana alikuwa ameshaingia majini, mtungi wangu bega la kulia, wake bega la kushoto, anatembea kwa maringo ninayoyafahamu.

"Mmoja mmoja!" nikapiga kelele.

"Mjomba, maji yanatoka!"

"Mmoja mmoja nimesema!"

Akaushusha mmoja, akauegemeza kwenye ubavu wa boti, akasimama anasubiri. Najua alichokuwa anasubiri. Mimi siku hizi nikigeuka nageuka mwili mzima, kwa hiyo anajua barabara ni saa ngapi simwangalii.