Kidole kimeanza kunyooka

Jamani, leo nimeshika patasi tena! Kidole cha pete kilibanwa na kamba ya jahazi hapa Lamu, nikakifunga kitambaa, kidole kikiwa kimekunjwa, wiki 6. Kosa langu. Kilipopona kikagoma kunyooka, kiungo cha kati kama ndoana. Nikinawa uso najichoma jicho.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanikataza kukivuta kwa nguvu: kano zilizofupika hurefuka kwa mvuto mdogo wa muda mrefu. Basi usiku nalala na gango la plastiki, asubuhi maji ya vuguvugu kisha nakinyoosha taratibu. Mama anasisitiza mafuta ya nazi (napaka, nani atambishia?). Nikiweka kiganja mezani, chini ya kiungo inapita penseli. Mwanzo ilipita betri ya tochi.