Milimita Tano Chini ya Daraja

Vigurudumu vya daraja la gitaa, vile vinavyopandisha na kushusha nyuzi, viligota chini Alhamisi jioni, masika ya 2016, kwenye karakana yangu ya Keko, Dar es Salaam. Nilivizungusha tena kwa vidole, havikwenda. Nyuzi bado zilikuwa milimita 2.5 juu ya freti ya 12, kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kwenye ubao wa vidole, na mwenye gitaa, mpiga solo wa bendi ya dansi, alitaka 2 kamili upande wa uzi mnene. Alikuwa anakuja kulichukua Jumamosi.

Lilikuwa gitaa la umeme lenye tumbo tupu, bila gogo la katikati. Uso niliuchonga kwa saipresi, mbavu zilikuwa za mninga zenye kina cha mm 70, shingo ya mkangazi, ubao wa vidole wa mpingo. Urefu wa uzi ulikuwa mm 628, karibu sawa na ile inchi 24¾ inayotajwa kwa ES-175 ya Gibson ya 1949. Shingo ilikutana na mwili kwenye freti ya 14, kama ilivyo kwenye gitaa hilo. Kutoka freti ya 14 hadi daraja ni mm 280. Namba hiyo naikumbuka hadi leo, maana kwa umbali huo digrii 1 ya mwinamo wa shingo huinua au kushusha mstari wa freti, yaani mstari unaopita juu ya vichwa vya freti hadi darajani, kwa mm 4.9 pale darajani. Nusu digrii tu inakula kama asilimia 60 ya mapito ya daraja kuelekea upande mmoja.

Mchoro wangu ulikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonisumbua. Daraja langu, chuma juu ya kitako cha mpingo, lilikuwa na kimo cha mm 20 likishushwa kabisa na 28 likipandishwa kabisa, kwa hiyo nilipanga lisimame 24, katikati. Mbinuko wa uso pale darajani ulikuwa 16 kutoka usawa wa ukingo wa mbavu. Kumi na sita na 24 ni 40, hapo ndipo uzi unapopita. Nikatoa 3.5, kwa sababu uzi ukiwa 2 juu ya freti ya 12 na nusu milimita juu ya mstari wa freti kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo, darajani unakuwa 3.5 juu ya mstari huo. Ikabaki 36.5. Kwenye freti ya 14 kimo cha freti kutoka usawa uleule kilikuwa 15: uwazi wa 7.5 chini ya ubao, ubao wenyewe 6.5, freti 1. Mstari ulitakiwa kupanda 21.5 ndani ya 280, yaani digrii 4.4. Nilikata mabega ya ulimi wa shingo, sehemu inayoingia mwilini, kwa pembe hiyo, na pembe ilikuwa safi.

Usiku ule nililegeza nyuzi, nikalaza rula ndefu ya chuma juu ya freti na kuanza kupima upya kila kitu nilichokuwa nimekiamini. Ubao wa vidole ulikuwa 5, si 6.5. Mpingo ulikuwa umejipinda baada ya shingo kukatwa, nikaupiga randa hadi ukanyooka, na sikurudi kwenye mchoro. Mbinuko wa uso ulikuwa 18.5. Sehemu ya ongezeko hilo ilitoka kwenye mihimili miwili ya ndani niliyoibana kwa nguvu wakati wa kugundisha, ikausukuma uso juu. Sehemu nyingine ni unyevu, kwa kuwa tumbo nililifunga Januari kukiwa kukavu na nyuzi nikaziweka mvua zikinyesha. Saipresi ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, na uso uliozuiwa na mbavu pande zote hauna pa kwenda ila juu. Tena nyuzi zilipokazwa, shingo ilikuwa imevutwa mbele na kupoteza kama 1 pale darajani. Moja na nusu, mbili na nusu, moja: jumla tano. Daraja lilihitaji kusimama 19 na mwisho wake ni 20.

Ijumaa nilimpigia simu mwenye gitaa, akaja.

“Fundi, si upunguze tu hicho kitako?”

“Kitashuka, kaka. Lakini shingo ikivutwa kidogo tu mwakani, hutakuwa na pa kushusha. Na nyuzi hazitakandamiza vizuri.”

Hili la pili ndilo lililonizuia zaidi. Nyuzi za namba 11 huvuta kwa jumla kama kilo 50. Zikipinda digrii 12 juu ya daraja kuelekea mkiani, zinakofungwa nyuma ya daraja, kama kilo 10 zinaukandamiza uso. Zikipinda 5, ni kilo nne na kitu, na daraja lisilogundishwa huanza kuteleza ukipiga kwa nguvu, sauti inakonda. Akanipa wiki mbili.

Niling'oa freti ya 15, nikatoboa matundu mawili ya mm 2 kwenye mfereji wake hadi kwenye nafasi iliyo mbele ya ulimi, nikapitisha mvuke wa sufuria ya presha kwa mpira mwembamba. Gundi nyeupe hulainika kwa joto na maji. Kama dakika kumi hivi shingo ikatoka, nikaiacha wiki nzima ikauke, kwa sababu mbao yenye maji ukiichonga leo, kesho kipimo ni kingine.

Hesabu ya kuchonga ni fupi: kina cha kisigino, yaani mzizi wa shingo unaogusa mbavu, 70, mara upungufu, 5, gawa kwa 280. Jibu ni 1.25. Basi nilitoa mm 1.25 chini kabisa ya mabega ya kisigino, nikipungua hadi sifuri juu penye ubao, kwa kuvuta vipande vya msasa namba 120 kati ya kisigino na mbavu, pande zote mbili kwa idadi sawa ya mivuto ili shingo isielekee kando. Ulimi ukawa na nafasi, nikaujazia kabari nyembamba ya mkangazi. Ncha ya ubao yenye freti ya 20 ilikuwa imeinuka 1.4 juu ya kabari yake ya zamani. Hapo niliongeza nyingine, maana ncha ikiachwa inaning'inia itashuka na freti za mwisho zitalia.

Safari hii nilipima kwa rula kabla ya gundi, nikiwa nimeifunga shingo kwa jiriwa: mstari wa freti ulifika 21.5 juu ya uso wenyewe, si juu ya karatasi, yaani 20.5 nilizohitaji na 1 ya kupotea nyuzi zikikazwa. Nikatia gundi. Daraja nililiweka nyuma kidogo ya alama ya mm 628, kama mm 2 upande wa uzi mwembamba na 5 upande wa mnene. Likasimama 24, nyuzi 2 juu ya freti ya 12.

Kiangazi mwenye gitaa akanipigia, nyuzi zimeanza kugusa freti. Mbinuko ulikuwa umeshuka. Nilimwambia azungushe vigurudumu juu mzunguko mmoja na nusu, kila upande, akafanya hivyo simu ikiwa sikioni.